Taa ya Kijani Kando ya Jina

Tangu nistaafu, asubuhi zangu zimekuwa ndefu. Nakaa kibarazani huku Uru, mlimani juu ya Moshi, na kikombe cha kahawa ya shambani kwangu, naangalia ukungu ukishuka kutoka msituni na kuifunika migomba, mmoja baada ya mwingine, na chini ya ukungu nasikia maji ya mfereji yakipita. Katika hali hiyo ya nusu kuamka huwa naona majina. Yamejipanga wima, kila jina na kitone cha kijani pembeni yake, vingine vinawaka, vingine vimezimika. Mke wangu anasema kompyuta zimeniharibu. Namwambia sijaharibika, nimezizoea tu, kama yeye alivyozoea ng'ombe wake hata akilala ugenini anaamka saa ya kukamua.

Rehema, aliyekikalia kiti changu ofisini, ndiye aliyeniomba niandike mambo ya kazi yetu, kazi ya kutunza akaunti za watu. Alisema vijana wanaoingia sasa wanadhani ni kubonyeza tu. Basi naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa, vilikuwa vidogo na havina hadithi.

Nilianzia masjala, katika ofisi ya kununua kahawa mjini Moshi, enzi ambazo kahawa yote ya mlimani ilipita mlango mmoja. Kazi ya masjala ni kujua faili la mtu liko wapi bila kulifungua. Baadaye soko likafunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao, wakasimama kila njia panda, na milango ikawa mingi. Ofisi yetu ikapungua na mimi nikapungua nayo. Siku ya mwisho nilikabidhi funguo za makabati kwa mtu ambaye hakuwa na haja nazo, nikarudi nyumbani kupalilia migomba iliyokwisha kupaliliwa.

Aliyenitoa huko ni Sista Koleta. Alikuwa mtawa wa makamo mwenye miwani mizito, akifundisha kupiga chapa katika jengo la parokia. Mwishoni mwa miaka ya tisini alipata kompyuta mbili za msaada, akaanza kufundisha hizo pia, leo akifundisha yale aliyojifunza jana. Alizifunika kwa vitambaa vya kufuma, kama makochi ya sebuleni. Viatu tulivua mlangoni. Tuliingia na soksi zetu, zenye matundu na zisizo na matundu, tukaongea kwa sauti ya chini kama watu walio karibu na altare, na nadhani Sista hakuona ubaya wowote katika hilo.

Siku moja mwanafunzi mwenzangu alitoka nje akaacha ukurasa wake wazi. Nikaona amekosea tahajia ya jina la kijiji chake, nikanyoosha mkono nimrekebishie. Sista Koleta alikuwa nyuma yangu.

"Deo, umebisha hodi?"

"Sista, nilitaka kumsaidia tu."

"Msaada mzuri. Sasa umebisha hodi?"

Nikarudisha mkono. Akaniambia jambo ambalo limenitosha kazi nzima: mahali palipoandikwa mtu ni nani, anaitwaje, anafananaje, ni pake yeye, na hata kama funguo zote ninazo mimi, nisiingie kabla hajaniita. Baada ya hapo akanituma nikachote maji ya kudekia.

Muda si mrefu nikapata kazi katika mradi wa maji. Mradi ule ulikuwa unakarabati mifereji na kutandaza mabomba kuanzia huku Uru mpaka Sanya Juu. Ofisi ilikuwa mjini, nyumba ya zamani ya vigae yenye mjakaranda getini, na msimu wake maua ya zambarau yalitufuata hadi ndani, yakakanyagwa korido nzima. Wafadhili walituletea programu ya kusimamia miradi. Sisi tuliita mfumo tu. Kila kazi, iwe kuchimba mtaro au kuitisha mkutano wa kijiji, iliandikwa humo pamoja na mwenye kuifanya na siku ya kuimaliza, na kila mfanyakazi alikuwa na akaunti yake ya kuingilia. Mtaalamu mgeni alikaa nasi wiki moja, akasema ni rahisi sana, akapanda ndege.

Mhandisi Lukas, mkuu wa mradi, alituangalia pale tulipoachwa. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya korongo.

"Nani kati yenu amewahi kufanya kazi masjala?"

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Ndivyo nilivyopata kuwa msimamizi wa akaunti.

Siku za kwanza zilikuwa za vituko. Kila mtu alitakiwa kuchagua neno la siri, na nusu ya ofisi ikachagua Kibo, kilele cha mlima wetu. Nilijua kwa sababu walikuwa wananijia mmoja mmoja kuninong'oneza kwamba wamesahau, halafu wanaongeza, "Nilikuwa nimeweka Kibo, sasa sijui kwa herufi kubwa au ndogo." Mlima ule tunauona kila asubuhi anga likiwa safi, lakini wapo walioweza kuusahau. Saa nazo zilitutesa. Mtu akiandika kikao saa 3, alimaanisha saa tatu asubuhi kama watu wote. Mfumo ukaelewa saa tisa usiku, ukawa unatuma vikumbusho wakati hata majogoo wa mtaa wa Pasua wamelala. Ilibidi nipite meza kwa meza kurekebisha mipangilio, nikieleza kwamba mashine haijui jua linachomoza lini.

Jambo lililokuwa gumu ni majina. Mlimani kwetu koo ni chache na watu ni wengi. Tulikuwa na akina Anna watatu wa ukoo mmoja, na mfumo ukiandika kwamba Anna amekamilisha mtaro, wawili walipongezwa bure na wa tatu akanuna. Tena kwetu mtu mzima aliyekwisha kuzaa haitwi jina lake hivi hivi. Kuniita Deo mbele ya watu ni haki ya mama yangu, padri na Sista Koleta. Kwa wengine wote mimi ni Baba Edda, kwa jina la binti yangu wa kwanza.

Nikagundua kwamba kwenye wasifu wa kila mtumiaji kulikuwa na kisanduku cha jina la kuonekana. Jina rasmi linabaki ndani, la mishahara na mikataba, lakini jina la kuonekana mtu anaandika analotaka, na hilo ndilo wenzake wanaloliona. Niliwaonyesha watu kisanduku hicho asubuhi, na hadi chai ya saa nne ofisi nzima ilikuwa Baba huyu na Mama yule. Nikabadilisha na salamu ya mfumo pia. Mtu akishaingia, skrini ilimwandikia "Karibu," halafu jina lake alilolichagua. Lilikuwa neno pekee la Kiswahili katika mfumo mzima, na nililiweka mimi. Wafadhili walichanganyikiwa kidogo, wakamwandikia Mhandisi Lukas, aliyejiandika Baba Neema, wakimwita Bwana Baba. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema acheni hivyo hivyo.

Mimi peke yangu, kama msimamizi, nilikuwa na ukurasa wenye majina yote. Aliyekuwa ndani ya mfumo, kitone cha kijani kiliwaka kando ya jina lake, akitoka, kilizimika. Tulikiita taa. Asubuhi nilipenda kufika mapema na kukaa kimya nikiangalia taa zikiwaka moja moja, na dirishani ukungu ukiinuka juu ya mjakaranda. Nilijisikia kama niko juu ya kilima naangalia kijiji kikiamka, moshi wa jiko hili, halafu wa lile.

Taa ya kwanza kuwaka karibu kila siku ilikuwa ya Mama Haika.

Huyu alikuwa afisa wetu wa jamii. Ndiye aliyepanda vijijini kuongea na watu kabla chepeo halijagusa ardhi, akajua mfereji huu ni wa ukoo gani na mzee gani ameudhika. Alikuwa na maneno. Mhandisi Lukas alikuwa akipiga kelele, sisi wengine tunajikunyata, yeye anamjibu bila kuinua kichwa. Haika alikuwa binti yake wa pekee, aliyepewa jina la bibi mzaa baba, kama ilivyo desturi. Nilipokuwa nakusanya picha za kuweka kwenye wasifu, wengine walileta picha za studio, kola zimewabana. Yeye alileta picha aliyoikata kwa mkasi kutoka kwenye picha kubwa zaidi. Begani pake palionekana vidole vya mtoto vimemshika.

"Nivikate hivi vidole?" nilimuuliza.

"Uvikate vimekukosea nini?" akasema. Nikaviacha.

Mvua za masika za mwaka mmoja, ambao sitautaja, Haika aliugua akiwa shule ya bweni. Homa ilimshika, wakamleta hospitali, na kabla wiki haijaisha tukaambiwa. Ofisi yote tulipanda Uru kwenye mazishi. Walimzika kihambani, shamba la ukoo wao, chini ya migomba, udongo ulikuwa umelowa na unateleza, na mvua haikunyesha wala haikuacha. Mama yake hakulia kwa sauti. Alikuwa anaangalia majani ya mgomba yanavyodondosha maji. Mimi nililia, sioni sababu ya kuficha.

Alipewa likizo. Siku chache kabla hajarudi, Mhandisi Lukas aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Baba Edda, ile karibu ya kwenye skrini. Mama wa watu atafungua mashine, jina la marehemu limuangalie usoni. Badilisha. Weka Eliakunda, jina lake mwenyewe."

"Mhandisi, hajaniomba."

"Kuna mambo hayasubiri kuombwa."

"Nikilifuta, atajua nimelifuta."

Akazungusha kalamu. "Na akiliona, akaanguka pale pale?"

Alikuwa mtu mwema na alikuwa anaogopa kwa ajili yake, kama nilivyoogopa mimi. Mwishoni akasema, "Haya. Lakini utakalolibeba ni lako." Nilirudi mezani, nikafungua wasifu wake, nikakaa na kipanya mkononi mbele ya kile kisanduku. Kilikuwa kitu cha kubonyeza mara moja. Nikamkumbuka Sista Koleta na maji ya kudekia. Nikafunga ukurasa.

Asubuhi ya kurudi kwake nilifika kabla ya watu wote. Aliingia na kitambaa cheusi kichwani, akatusalimia, tukamwitikia kwa sauti za kanisani. Akaketi. Nikasikia akibonyeza vitufe. Taa yake ikawaka kwenye ukurasa wangu, nikajua wakati huo huo anasoma. Hakuanguka wala hakutoka nje. Baada ya muda akaanza kuchapa, na sisi tukaanza kupumua.

Nilidhani yameisha. Lakini miezi iliyofuata kulikuwa na jambo sikulielewa. Taa yake ilianza kuwaka na kuzimika. Anaingia, anakaa kidogo, anatoka, anaingia tena, asubuhi yote. Nikiangalia ukurasa wangu, majina ya wengine yametulia na la kwake linamulika kama kimulimuli kwenye migomba. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni dalili ya ugonjwa wa mashine. Nikahisi waya umelegea.

Nilimwendea alasiri moja ya manyunyu, ukungu umeshuka mpaka barabarani na taa za ofisi zimewashwa mchana. Nikainama chini ya meza yake, nikakagua waya. Ulikuwa mzima.

"Mama," nikasema, nikainuka najifuta vumbi, "mashine inakusumbua?"

"Hainisumbui."

"Naona inakutoa kila mara. Taa yako haitulii."

"Hainitoi. Natoka mwenyewe."

"Unatoka kwenda wapi?"

"Siendi popote. Natoka ili niingie tena." Aliniangalia. "Mtu akiingia inamwambia nini, Baba Edda? Si wewe uliyeandika?"

"Inamwambia, Karibu, Mama..."

Nikashindwa kumalizia.

"Umeona?" akasema polepole. "Hata wewe."

Ilikuwa kweli. Ndipo nilipojisikia, na nikawasikia wote. Tangu msiba tulikuwa tumejifunza, bila mtu kutufundisha, kulikata jina lake katikati. Tulisema Mama, halafu tunanyamaza kidogo, kama mtu anayeruka dimbwi. Angekuwa na mtoto mwingine, watu wangehamia jina la huyo kimyakimya, na mambo yangekwenda. Hakuwa naye. Wengine walimwita dada, wengine afisa, na Mama Glory wa uhasibu alikuwa anazunguka nje ya jengo asikutane naye koridoni.

"Nyumbani ni hivyo hivyo," alisema. "Mama mkwe ananiita mwanangu. Mume wangu ananiita wewe. Kanisani, dada mpendwa. Mtu akisikia mnavyoniita atadhani sijawahi kuzaa. Nilimzaa, Baba Edda. Niliitwa kwa jina lake tangu yuko mgongoni. Sasa linaniita hili sanduku peke yake."

Akatoka kwenye mfumo, mbele yangu, akaingia tena. Karibu, Mama Haika. Kando ya maneno hayo kulikuwa na picha yake, na vile vidole begani.

Nilisikia uchungu na aibu kwa pamoja. Nikajikaza nikasema, "Mama Haika." Sauti ilitoka vibaya.

Alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Asante. Ila umesema kama unasoma tangazo la kifo redioni. Hii mashine haina huruma, ndiyo maana naipenda."

Kuanzia siku hiyo nilikuwa nafanya mazoezi njiani nikipanda nyumbani, nikilitamka jina lile kwa sauti ya kawaida katikati ya mashamba ya kahawa. Waliokutana nami walinipa njia.

Haukupita mwaka, makao makuu ya Dar es Salaam wakatutumia ujumbe. Toleo jipya la mfumo lilikuwa linakuja. Ofisi zote za mikoani zingeunganishwa, na ili kuondoa vurugu, kila mtumiaji angeonekana kwa jina rasmi lililoko kwenye mishahara. Kisanduku cha jina la kuonekana kingeondolewa. Mabadiliko yangeanza Jumatatu.

Niliusoma ujumbe ule mara mbili. Sikuwaza mfumo. Niliwaza mtu mmoja atakayefika Jumatatu, abonyeze vitufe, na jina la mwanawe lisiwepo tena mahali popote duniani ila kwenye kaburi. Niliwaandikia Dar nikiomba akaunti moja iachwe ilivyo. Sikueleza sababu, haikuwa yangu kueleza. Wakajibu kwa adabu kwamba mfumo hauruhusu, na ni kweli, haukuruhusu. Nilijaribu mwenyewe njia zote nilizozijua na mbili ambazo sikuzijua.

Nikamfuata Mama Haika, nikamweleza wazi. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya vitufe.

"Lini?"

"Jumatatu."

"Basi," akasema. Nje maji yalikuwa yanashuka kwenye vigae.

"Nataka niwaambie wenzetu," nikasema. "Ulichoniambia. Usipotaka, sisemi, na hili jambo litabaki kwangu mpaka nife."

Alifikiri. "Utawaambia nini?"

"Kwamba wakuite."

"Waambie," akasema. "Lakini mtu asije akaniita kwa kunihurumia. Sitaki kuletewa jina kwenye sahani. Aniite kwa kazi, kama zamani. Asipoweza, aache."

Ijumaa, wakati wa chai, yeye akiwa amepanda Sanya Juu kikazi, nilisimama kati ya vikombe na ndizi za kuchemsha nikawaambia. Mimi si msemaji. Nilieleza ya taa inayowaka na kuzimika, nikaeleza maana yake, nikaketi. Mama Glory alijifunika uso na khanga. Akasema, "Mungu wangu, na mimi nilikuwa namkimbia nikidhani ndiyo heshima." Mhandisi Lukas aliweka kikombe chini bila kunywa.

"Mimi ndiye niliyetaka lifutwe," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Nilidhani namkinga." Akaondoka kwenda ofisini kwake na hakupiga kelele siku nzima, jambo lililotutisha wote.

Jumatatu toleo jipya lilikuwa tayari. Skrini yangu iliniandikia Karibu, Deogratias, nikahisi nimeitwa mbele na mwalimu mkuu kwenda kuchapwa. Kutoka vyumba vingine nilisikia watu wakicheka na kulalamika, maana wapo waliosahau kwamba wana majina hayo. Mama Haika aliingia, akatusalimia, akaketi. Taa ikawaka kando ya jina Eliakunda. Picha ilikuwa imehamia salama, vidole na vyote.

Nilikaa nikiitazama taa ile. Ilizimika. Ikawaka. Ilizimika tena, ikakaa gizani muda, ikawaka. Alikuwa anajaribu. Nilijua anachoandikiwa kila anapoingia, na nilijua hakitabadilika.

Na sisi, pamoja na yote yaliyosemwa Ijumaa, tulikuwa tumekaa kama mawe. Kila mtu alimsubiri mwenzake. Mama Glory alipita na faili, akasimama mlangoni kwake, akafungua mdomo, akasema "Habari za Sanya Juu?" akaenda zake. Mimi niliinuka mara kadhaa nikaketi. Tuliogopa sauti zetu zisije zikatoka na huruma. Asubuhi ilikuwa inatuponyoka hivi hivi.

Ndipo mlango wa mwisho wa korido ukafunguliwa kwa kishindo.

"Mama Haika!"

Vitufe vyote vilinyamaza.

"Mama Haika, aisee! Mabomba ya Sanya Juu yamefika au hayajafika? Mafundi wamekaa juani wananipigia simu mimi, na ripoti sina! Iko wapi?"

Mpaka leo sijui kama Mhandisi Lukas alikuwa amepanga au alikuwa amekasirika kweli. Sikuwahi kumuuliza. Nakumbuka maua ya mjakaranda yaliyokanyagwa koridoni, na mimi nimeshika kingo za meza yangu.

Kisha ikaja sauti yake, ile ya zamani, ya mtu asiyeinua kichwa.

"Baba Neema, mabomba yamefika nusu. Na ripoti haiandikwi kwa kelele. Rudi ukakae, nitakuletea."

"Leo!"

"Nimesema nitakuletea!"

Mlango ukafungwa kwa kishindo kile kile. Hakuna aliyecheka wala kulia kwa sauti. Lakini haikupita muda Mama Glory akaitia kutoka uhasibu, "Mama Haika, stakabadhi ya mafuta hujanipa!" na kutoka stoo mtu akauliza nani ana funguo za gari, akaambiwa muulize Mama Haika. Mimi nilipompelekea karatasi ya maelekezo ya toleo jipya nilisema, "Mama Haika, soma hii kabla hujanisumbua," na safari hii haikuwa kama tangazo la redioni. Alipokea bila kuniangalia. Kope zake zilikuwa zimelowa, mikono inachapa.

Rehema, na ninyi wengine mtakaokuja, nimewahi kufundishwa kwamba msimamizi mzuri wa akaunti anajua kila kisanduku na kazi yake. Ni kweli, vijueni. Mtu akiondoka kazini msimfute, mlazeni tu, akaunti izimwe lakini ibaki, maana kazi zake bado zina jina lake. Akisahau neno la siri msimcheke. Na kabla hamjagusa mahali palipoandikwa mtu ni nani, bisheni hodi, hata kama mkuu amefunga mlango na anawaambia kwa wema.

Jumatatu ile sikufanya kazi nyingi. Nilikaa nikiangalia ukurasa wangu. Baada ya kile kishindo cha mlango, taa kando ya jina Eliakunda haikuzimika tena. Iliwaka wakati wa chai, ikawaka wakati wa chakula cha mchana, ikawaka wakati mlima ulipofunguka kidogo mawinguni na kufungika. Jioni taa za wengine zilianza kuzimika moja moja, watu wakaagana getini. Ya kwake ilizimika mwisho, kwa sababu alikuwa anamalizia ripoti ya Sanya Juu.